Thunderbirds na Nyuzi Zilizoonekana

Mwezi Septemba 1991 televisheni ya BBC2 ya hapa Uingereza ilianza kurudia kipindi cha watoto kilichokuwa na umri wa robo karne. Kipindi chenyewe ni Thunderbirds. Wakati huo tulikuwa wanafunzi wanne wa uhandisi tukikaa nyumba moja ya kupanga: wawili kutoka Unguja, mmoja wa Mombasa na mmoja wa Dar es Salaam. Nyumba ilikuwa ya baridi, mita ya gesi ilikuwa ya kutia sarafu, na televisheni ilikuwa ya mwenye nyumba. Kila Ijumaa jioni tulipika wali kwa zamu, tukajibanza sebuleni na mablanketi yetu, tukawatazama wanasesere wakiwaokoa walimwengu.

Sisi wa Unguja tulijiona mabingwa wa mambo haya, kwa kuwa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na Tanzania Bara wakati huo ilikuwa bado haina kituo hata kimoja. Mwenzetu wa Dar es Salaam alivumilia masimango hayo kwa muda, kisha akatushinda sote. Yeye ndiye aliyekuwa na macho makali kuliko wenzake, na katika nyumba ile macho makali yalikuwa na faida. Hatukuwa tukikitazama kipindi kile kwa ajili ya hadithi yake, bali tulikuwa tukitafuta makosa. Sheria ilikuwa moja: atakayekuwa wa kwanza kuuona waya unaomning'iniza mwanasesere, usiku huo haoshi vyombo.

Na makosa yalikuwa mengi. Nyaya zilimetameta juu ya vichwa. Mwanasesere aliinua mkono wake, na picha iliyofuata ikaonyesha mkono wa nyama na mifupa, wenye mishipa na kucha, ukibonyeza kitufe. Wanaume mashujaa walitembea hatua mbili mfano wa mtu aliyekanyaga makaa, kisha kamera ikageukia pengine kwa haraka kama iliyoona haya. Katika kipindi cha mwisho kabisa, kilichoonyeshwa sikukuu ya Krismasi ya 1966, inaonekana kalenda ya mwaka 2026, ilhali hadithi nzima inafahamika kuwa ni ya miaka ya 2060. Tulicheka mpaka machozi. Tulikuwa vijana, na tulikuwa tukisomea kazi ambayo kosa halisamehewi, basi tulifurahi kuona watu wengine waliokosea hadharani wakasahaulika.

Kwa wale wasiokijua, Thunderbirds kilitungwa na Gerry Anderson na mkewe Sylvia, na kilitengenezwa kati ya 1964 na 1966 katika eneo la viwanda la Slough, magharibi ya London. Kinahusu familia ya Tracy: baba, aliyewahi kuwa mwanaanga, na wanawe watano waliopewa majina ya wanaanga wa Marekani wa enzi ile, yaani Scott, Virgil, Alan, Gordon na John. Wanaishi kisiwani kwa siri na wanaendesha shirika la uokozi lenye ndege, roketi na nyambizi. Mtu akinaswa mahali ambapo hakuna wa kumfikia, wao humfikia. Kipindi cha kwanza kilirushwa hewani tarehe 30 Septemba 1965, na vyote kwa jumla ni 32.

Chanzo chake hakikuwa mchezo. Mwezi Oktoba 1963, katika mji wa Lengede huko Ujerumani ya Magharibi, maji yaliingia ndani ya mgodi wa chuma kukiwa na wafanyakazi 129 chini ya ardhi. Waliokufa ni 29. Wengi wa waliopona walitoka mapema, lakini 11 walikaa gizani siku 14, mpaka walipochimbiwa tundu jembamba na kuvutwa juu mmoja mmoja tarehe 7 Novemba. Gerry Anderson alizifuata habari zile na likamkaa jambo moja: mitambo ya kuchimbia ilipaswa kuletwa kutoka mbali, na kila saa iliyopotea njiani ilikuwa saa ya mtu aliyoko shimoni. Akajiuliza, je, kama pangekuwa na watu ambao mitambo yao iko tayari siku zote? Ndipo alipoianzia hadithi yake. Hata jina la kipindi lina msiba nyuma yake. Kaka yake, Lionel, alikuwa rubani wa jeshi la anga la Uingereza aliyeuawa katika Vita vya Pili vya Dunia, na alipokuwa mafunzoni huko Arizona aliwahi kuandika nyumbani juu ya uwanja wa ndege ulioitwa Thunderbird Field.

Hayo yote hatukuyajua mwaka 1991. Tulianza kuyajua pale mwenzetu wa Mombasa, aliyekuwa akisomea umeme, alipokuja na kitabu kutoka maktaba ya mji. Alikifungua juu ya meza ya chakula, akatuonyesha mchoro wa kichwa cha mwanasesere kilichokatwa katikati. Ndani yake mlikuwa na koili ndogo ya sumakuumeme iliyoungwa na mdomo wa chini. Waigizaji walirekodi sauti zao kwanza katika tepu. Wakati wa kupiga picha tepu ilichezwa, mawimbi ya sauti yakageuzwa kuwa mapigo ya umeme, na kila pigo liliufumbua mdomo kwa nafasi yake. Kwa hivyo mwanasesere alisema pale hasa ambapo mwigizaji alikuwa amesema, na hapakuwa na haja ya mtu wa kuvuta mdomo kwa kubahatisha.

Umeme huo ulifikaje kichwani? Ulipita katika zile zile nyaya tulizokuwa tukizicheka. Zilikuwa za madini ya tangsteni, nyembamba kiasi cha sehemu moja ya nane ya milimita, zikishuka kutoka kwenye jukwaa la juu walikosimama wachezesha wanasesere. Uzi ule ulikuwa ukifanya kazi mbili kwa pamoja: kumshikilia asianguke, na kumpelekea sauti. Mafundi waliupaka rangi ya ukuta ulio nyuma yake, na picha ilipobadilika waliupaka upya, lakini taa za studio ni kali na uzi wa chuma hauna adabu mbele ya taa. Kuuondoa kabisa kungekuwa ni kumnyamazisha mwanasesere.

Usiku ule vyombo viliachwa bila kuoshwa, kwa sababu tulikaa tukigeuza kurasa na kulitafutia kila kosa asili yake. Tuliona kwamba karibu makosa yote yana ukoo mmoja.

Vichwa vikubwa, kwa mfano. Wanasesere wale walikuwa na urefu wa karibu sentimita 56, na vichwa vyao vilizidi mwili kwa sababu koili haikuingia katika kichwa kidogo zaidi. Kutembea je? Mwanasesere anayening'inia hana uzito wa kukanyagia. Mguu wake haupokei mzigo wa mwili, unagusa tu. Jicho la mtu yeyote, hata mtoto wa miaka minne, linalijua jambo hilo bila kufundishwa fizikia. Basi watengenezaji wakawapiga picha kutoka kiunoni kwenda juu, wakawakalisha kwenye viti, wakawaingiza katika ndege na magari, na wakabuni mitambo ya kumtelezesha rubani kutoka sebuleni mpaka kwenye kiti cha chombo chake. Ile safari ya Virgil, anayeegemea picha ukutani na kupinduka kichwa chini mpaka ndani ya Thunderbird 2, watoto wa nchi nyingi waliipenda kuliko vita vyenyewe. Moja ya manufaa yake makubwa ni kwamba haihitaji mtu atembee.

Mikono ya nyama nayo iliingia kwa sababu vidole vya mwanasesere havishiki kitu. Ilipobidi kalamu iandike au kitufe kibonyezwe, ilipigwa picha ya karibu ya mkono wa binadamu. Hapo kosa halikufichika, lakini hadithi iliendelea.

Kosa jingine lilitoka juu, kwa mwenye fedha. Vipindi vilipangwa viwe vya dakika 25. Lew Grade, mkuu wa kampuni iliyovigharamia, alipokionyeshwa kile cha kwanza alikipenda kupita kiasi, akaamuru vyote viwe vya dakika 50. Kwa wakati huo kulikuwa na vipindi kadhaa vilivyokwisha kupigwa picha. Ikabidi virefushwe kwa kupachikwa vipande vilivyopigwa miezi baadaye. Fundi yeyote aliyewahi kuongeza ghorofa juu ya nyumba ambayo msingi wake haukupigiwa hesabu hiyo atajua maana yake. Kiungo huonekana. Mahali pengine mazungumzo yanarefuka pasipo sababu, mahali pengine inazuka hadithi ndogo isiyohusika sana na ile kubwa. Hata hivyo, kwa sababu ya dakika zile za ziada wanasesere walipata nafasi ya kutaniana, kuogopa na kuudhiana, wakawa watu.

Sisi wanafunzi wa mitambo tulivutwa zaidi na kazi ya Derek Meddings, msimamizi wa vifani na milipuko. Hapa kuna somo zuri. Ukitengeneza gari kwa kipimo cha moja kwa 25 ukaliangusha kutoka jabali la kipimo hicho hicho, litafika chini upesi mno na litaonekana ni kitu cha kuchezea. Muda wa kuanguka hufuata kipeuo cha pili cha umbali. Umbali ukipungua mara 25, muda hupungua mara 5. Kwa hivyo kamera, ambayo kwa kawaida hupiga picha 24 kwa sekunde, inabidi iende mara 5 zaidi, yaani picha 120. Zikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida, gari linapata uzito na mlipuko unapanda taratibu kama mlipuko wa kweli. Ndivyo walivyofanya. Lakini hesabu hii haiwezi kila kitu. Tone la maji halikubali kupunguzwa, kwa sababu ukubwa wake unatokana na mvutano wa uso wa maji, na maji hayajui kwamba meli ni ndogo. Ndiyo maana mafuriko katika Thunderbirds yana matone yenye ukubwa wa vichwa vya watu. Tulipolifahamu hilo tuliacha kuliita kosa. Ulikuwa ni mpaka wa maumbile, nao walikwenda mpaka ukingoni.

Kuna kipindi kimoja cha 1966 ambacho mamba waliokula kitu kisichowafaa wanakua wakawa majitu na kuizingira nyumba. Waliigizwa na mamba wadogo walio hai ndani ya tangi la maji, wakawekewa nyumba ndogo ili waonekane wakubwa. Jina la kipindi linawataja mamba wa aina ya Marekani, kumbe waliotumika ni wa aina nyingine, na Waingereza wengine huhesabu hilo kuwa ni kosa. Kwetu si kosa hata kidogo. Kwa Kiswahili wote ni mamba.

Lakini tukio tulilolikumbuka kuliko yote ni la kipindi cha kwanza kabisa. Ndege kubwa ya abiria imetegwa bomu katika magurudumu yake, haiwezi kutua. Virgil anaongoza magari matatu yanayokimbia chini ya ndege ili itue juu ya migongo yao. Walipokuwa wakipiga picha, waya wa gari moja ulikatika. Gari likapoteza njia na kwenda mrama. Katika studio nyingi kipande hicho kingetupwa na kazi ikarudiwa. Anderson alipokiona alikipenda, akaamua kiingie katika hadithi. Meddings akapiga picha nyingine ya gari lile likiigonga ndege iliyoegeshwa na kulipuka, na kwa hivyo ajali ya studio ikawa ni hitilafu ya chombo mbele ya waokozi. Jambo lile linaipa hadithi nguvu yake: mara ya kwanza mpango unashindwa, abiria wako juu wakizunguka, na inabidi gari jingine liletwe. Mtazamaji anaogopa kwa haki, maana kilichoharibika kiliharibika kweli.

Miaka minne baadaye tulilikumbuka tukio hilo kwa njia tusiyoitazamia. Mmoja wetu, na atatuwia radhi kwa kuwa jina lake tunalisitiri, alikuwa katika mwaka wake wa kwanza wa kazi. Alipewa kuchora msingi wa zege wa kufungia pampu. Alhamisi usiku, akiwa kitandani, alitambua kwamba matundu ya boliti ameyachora kinyume, kama yanavyoonekana kwa mtu anayetazama kutoka chini. Zege lilikuwa limwagwe asubuhi ya pili yake. Alikwenda kazini, akasimama, akatazama zege likimwagwa, na hakusema neno.

Wasomaji wetu mnaoishi ugenini hamna haja ya kuelezwa kwa nini alinyamaza. Kwa mgeni, kosa halihesabiwi kuwa kosa moja. Huwa ni ushahidi. Mwenyeji akikosea, amekosea yeye. Sisi tukikosea, tunahofu kuwa zimekosea shahada zetu, na nchi zetu, na yule atakayeomba kazi nyuma yetu. Hofu hiyo ilikuwa ya haki au si ya haki, wengi wetu tuliamka nayo na tukalala nayo.

Pampu ilipofika wiki mbili baadaye haikukaa. Zege lilivunjwa kwa mashine siku mbili nzima. Msimamizi wa kazi, mzee wa makamo asiye na maneno mengi, alimwita kando akamuuliza swali moja tu: uliliona lini? Mwenzetu akasema ukweli. Yule mzee akamwambia kwamba Alhamisi lilikuwa kosa la penseli na raba, na sasa ni kosa la nyundo ya mawe. Hakufukuzwa. Usiku ule alitupigia simu mmoja mmoja akitusimulia, na mwenzetu wa Dar es Salaam alipokwisha kumsikiliza alimjibu: "Bwana, wewe waya wako ulikatika. Wenzako wa Slough walisimamisha kamera wakasema jamani, waya umekatika, tufanyeje? Wewe ukazima taa."

Hatudai kwamba kila kosa ni baraka. Msingi wa pampu si filamu, na boliti iliyokaa vibaya haigeuzwi kuwa hadithi. Lakini wale watu wa Slough walikuwa na desturi tuliyoikosa: kosa lilipotokea lilisemwa kwa sauti mbele ya wote walipokuwa bado na nafasi ya kulifanyia kitu.

Wala kusahihisha si kumaliza. Mwaka 1967 kampuni ile ile ilitoa kipindi kingine, Captain Scarlet. Safari hii mafundi walifanikiwa kuihamisha koili kutoka kichwani mpaka kifuani, na kwa mara ya kwanza vichwa vikawa na uwiano wa binadamu halisi. Kosa lililowasumbua kwa miaka likaisha. Lakini wanasesere wapya walikuwa wagumu zaidi kuchezesha, wakawa wanasimama kama waliomeza fimbo, na wachezeshaji wengine walijutia wale wa zamani wenye vichwa vikubwa. Ukiziba tundu moja, maji hutafuta jingine.

Thunderbirds kilisimama baada ya vipindi vile 32 kwa kuwa Lew Grade hakufanikiwa kukiuza kwa vituo vikubwa vya Marekani. Meddings aliendelea na kazi katika filamu za James Bond, na alikuwa miongoni mwa walioshiriki tuzo maalumu ya Oscar kwa filamu ya Superman ya 1978. Gerry Anderson alifariki mwezi Desemba 2012, na Sylvia, aliyemtungia na kumpa sauti Lady Penelope, alifariki 2016. Mwaka 2015 ulianza kuonyeshwa mfululizo mpya wenye watu waliochorwa kwa kompyuta. Hauna uzi hata mmoja. Mwaka huo huo kundi la wapenzi wa kipindi cha zamani lilichangisha fedha kwa umma, likarudi Slough, likatengeneza vipindi vitatu kwa njia ya kale: wanasesere, nyaya, vifani, na sauti za waigizaji wale wale wa miaka ya 1960 zilizokuwa zimehifadhiwa katika sahani za santuri.

Hivi karibuni tulikutana watatu kati ya wale wanne. Wa nne amerudi Dar es Salaam. Baada ya chakula tuliweka diski ya kipindi cha kwanza, na binti wa mmoja wetu, mwenye miaka 9, alikuja kukaa nasi. Amekulia katika katuni za kompyuta ambazo nywele za mtu zinahesabika. Hakupitisha dakika mbili akanyoosha kidole: "Baba, mbona kuna uzi pale?"

Sote watatu tukaangaliana. Kwa sheria za nyumba yetu ya zamani, mtoto alikuwa ameshinda na hakutakiwa kuosha vyombo. Baba yake akasimamisha picha, akamsogeza karibu na kioo, akamwonyesha uzi wote kutoka juu mpaka kichwani.

"Huo," akamwambia, "ndio unaompelekea sauti."

Mtoto aliutazama kwa muda, kisha akasema turudishe nyuma, anataka kumwona akisema tena.